Rafiki yangu kanizidi na roho inaniuma

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi ni fundi cherehani, niko Mbagala, nina miaka 31. Nilijifunza kushona pamoja na rafiki yangu mmoja 2016, tulikuwa tunachangia hadi mkasi. Saa hizi mwenzangu ana fremu Kariakoo na mafundi watatu, mi bado nashonea kibarazani. Akiposti mishono yake WhatsApp roho inaniuma mpaka nimemmyuti. Juzi mteja kamlalamikia kwenye grupu eti gauni la sendofu limefumuka ukumbini, shangazi nikajikuta natabasamu peke yangu, usiku nikalia. Nina roho mbaya? Nifanyeje huu wivu uishe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole, na ahsante kwa kusema hata hilo la kutabasamu maana wengi wanalificha. Roho mbaya ingelala usingizi, wewe ulilia.

Angalia kitu kimoja, Kariakoo imejaa matajiri wa nguo na hakuna hata mmoja anayekunyima usingizi, anakuuma huyu mliyechangia mkasi. Ndo tulivyo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, aliliandika hili tangu 1954, kwamba mtu anajipima na wale anaoona wanalingana naye. Kwa hiyo wivu wako unakwambia kwamba moyoni unaamini na wewe unaweza kufika pale.

Ila kuna wivu wa maendeleo na kuna husuda. Hasidi anataka fremu ya mwenzake ifungwe hata kama yeye hapati kitu, ndo maana kwenye kanga wanaandika hasidi hana sababu. Wewe sasa hivi unavyo vyote viwili, usijidanganye, na kitakachokua ni kile unachokilisha.

Mimi niliwahi kuuza maandazi. Jirani yangu saa moja asubuhi kamaliza beseni, mimi saa nne bado nafukuza nzi, nikawa nasema ana dawa, kwa miezi kabisa nilisema hivyo. Siku moja nikatuma mtoto aninunulie manne, nikalipasua moja jikoni. Hiliki, tui zito, na ndani vishimo vidogovidogo vya unga ulioachwa uumuke usiku kucha. Mi nilikuwa nakanda alfajiri kwa maji, mbiombio. Kumbe kilichokuwa kinaniuma ni kwamba yule mama alikuwa anajituma kuliko mimi, nikaanza kukanda usiku.

Sasa na wewe mtoe kwenye myuti, chukua daftari lako la vipimo, ukurasa wa nyuma andika mshono upi hasa umekuuma na kwa nini. "Ana fremu" sio jibu. Ni bitana inavyokaa? Ni kwamba anatoa nguo siku aliyoahidi? Ukikuta kinachokuuma ni pesa ya kodi ya fremu, hilo ni suala la akiba na mchezo, tuandikie tena tulizungumze. Ukikuta ni ufundi, basi mwalimu unaye na namba yake unayo.

Mpigie. Mpe pole ya lile gauni, pole ya kweli, la kutabasamu libaki kati yako na Mungu. Mwambie unatamani alipofika na ungependa akuelekeze. Akikubali nenda na gauni moja ulilolishona mwezi huu, mligeuze ndani nje muangalie pamoja mishono.