Mwanachama aliyekalishwa sana huondoka bila kuaga

Swali limerudi tena, safari hii kutoka kwa katibu wa klabu changa ya kuhutubia. Walianza wengi, sasa kikaoni wanahesabika kwa vidole. Anauliza: apunguze ada au abadilishe siku ya kukutana?

Ndugu katibu, usiguse ada na usiguse siku. Chukua daftari la vikao vya miezi mitatu iliyopita uhesabu kila mwanachama alisimama mbele ya wenzake mara ngapi. Wenye sifuri na wenye moja ndio waliokwisha kuondoka, au wanaojiandaa.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la tatu. Klabu ina watu 24, inakutana kila baada ya wiki 2, na kila kikao kina hotuba 3. Zamu ya mtu mmoja inarudi baada ya vikao 8, yaani wiki 16. Huyu alijiunga ili magoti yaache kutetemeka, nawe unampa dakika 7 kila baada ya karibu miezi minne. Na hapo tumedhani zamu zinagawanywa kwa haki, jambo ambalo ni nadra. Mkisema "nani yuko tayari wiki ijayo?", mikono inayoinuka ni ile ile minne, ya watu wasiohitaji sana mazoezi. Mwoga hainui mkono, na klabu iliundwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ratiba ya majukumu, iliyoandikwa vikao 6 mbele, majina yakipangwa na mtu mmoja mwenye kazi hiyo tu. Kujitolea kubaki kwa dharura. Kikao cha hotuba 3 kina kazi 12: wazungumzaji 3, watathmini 3, msimamizi wa kikao, mtathmini mkuu, mtunza muda, mhesabu vijalizo (maneno ya kujazia kimya kama "eeh"), mwangalizi wa lugha, na msimamizi wa maswali ya papo kwa papo. Wasio na jukumu ndio waitwe kujibu papo kwa papo, watu 8, dakika moja hadi mbili kila mmoja. Jumlisha: watu 20 kati ya 24 wamefungua mdomo siku moja, na bado hotuba ni 3 tu.

Muundo huu si wangu. Unatokana na Toastmasters, mtandao wa klabu za kuhutubia ulioanzishwa na Ralph Smedley huko Santa Ana, California, 22 Oktoba 1924. Klabu mpya ya mtandao huo kwa kawaida hutakiwa kufikisha wanachama 20 kabla ya kusajiliwa, na ukitazama kazi zile 12 utaona kwa nini idadi hiyo ina maana: toa wagonjwa, wasafiri na wavivu, wanaobaki bado wanatosha kuendesha kikao. Klabu ya watu 12 haifi, lakini ipange hotuba 2, na mtu mmoja ashike kuhesabu vijalizo pamoja na uangalizi wa lugha.

Dakika 90 zinatosha, zikigawanywa hivi: ufunguzi 5, hotuba 3 pamoja na utambulisho na dakika moja ya watu kuandika maoni baada ya kila hotuba, jumla 30, papo kwa papo 20, mapumziko 10, tathmini 12, ripoti za mtunza muda na wenzake 8, matangazo na kufunga 5. Matangazo yako mwisho kwa makusudi. Yakiwekwa mwanzoni hula dakika 20, na anayelipa ni mzungumzaji wa tatu, ambaye kwa kawaida ni mwanachama mpya aliyewekwa mwisho "apate kuzoea". Anza saa iliyotangazwa hata kama mko 6. Ukisubiri, unawaadhibu waliowahi, nao kikao kijacho watachelewa kwa busara kabisa.

Mtunza muda akae nyuma ya ukumbi, mbele ya macho ya anayezungumza. Akikaa pembeni, mtu anageuza shingo kumtafuta na hotuba inakatika. Kadi tatu za rangi zinatosha. Hotuba ya dakika 5 hadi 7: kijani dakika ya 5, njano ya 6, nyekundu ya 7. Papo kwa papo: kijani dakika 1, njano 1 na nusu, nyekundu 2. Kadi nyekundu ibaki juu mpaka mtu akae. Mkimwonea haya mzee mmoja akafika dakika ya 12, mmempora mtu mwingine zamu yake mchana kweupe.

Sasa tathmini, mahali ambapo klabu nyingi huvuja bila kujua.

Kuna tathmini ya hongera tupu: "Hotuba nzuri sana, umetufurahisha, endelea hivyo hivyo." Mzungumzaji anatabasamu, anarudi nyumbani mtupu, na baada ya mara tatu anajiuliza anafuata nini pale. Kuna na tathmini ya mwalimu wa zamu: makosa kumi kwa dakika tatu, kuanzia mikono mfukoni hadi matamshi. Huyo mzungumzaji harudi. Mpeni mtathmini kanuni nyepesi kwa dakika zake 2 hadi 3: jambo moja au mawili yaliyofanya kazi, yakitajwa kwa maneno yale yale ya hotuba; jambo moja tu la kubadilisha; na namna ya kulibadilisha. "Ulipotaja siku ya mtihani ulinyamaza sekunde tatu, nasi tukanyamaza nawe. Mwisho wako ulikuja ghafla. Hotuba ijayo andika sentensi ya mwisho kwanza, uikariri, kisha jenga ukirudi nyuma." Hiyo ni tathmini. Mtathmini asibishane na maoni ya mzungumzaji kuhusu siasa, ndoa au dini. Hakuitwa kwa hilo.

Tena mtathmini ajue kabla ya kikao anamtathmini nani, ampigie amuulize anataka kuangaliwa wapi: sauti, macho, mpangilio? Hotuba ya kwanza ya mtu, ambayo iwe fupi, dakika 4 hadi 6, na imhusu yeye mwenyewe, itathminiwe na mwanachama mwenye uzoefu. Kumpa mwanachama mpya mwenzake ni kuwaumiza wote wawili.

Mhesabu vijalizo ahesabu "yaani", "eeh", "kwa hiyo" isiyounganisha kitu, "kimsingi", na ile "naomba niseme kwamba" ya watu wa mikutano. Ahesabu kimya, asome ripoti mwishoni. Kuna klabu hugonga kengele kila kijalizo. Kwa mtu wa hotuba ya kwanza naona huo ni ukatili. Mwangalizi wa lugha alete neno la siku, aseme nani alilitumia vizuri, na ataje upatanisho wa ngeli ulioteleza ("kitabu yangu") bila kumtaja aliyeteleza.

Mgeni akija, akae kando ya mwanachama atakayemnong'oneza kinachoendelea. Asilazimishwe kusimama; mwishoni aulizwe ameonaje, sentensi moja inatosha. Akijiunga, apewe siku hiyo hiyo vitu viwili: mlezi mmoja kwa jina, na tarehe ya hotuba yake isiyozidi wiki 4. Kila wiki inayopita bila tarehe, hofu inanenepa. Kabla ya hotuba apewe utunzaji muda mara moja, asimame na kusoma takwimu zake. Ni kazi ndogo, lakini tayari amesikia sauti yake mwenyewe ukumbini.

Wanaoghairi dakika za mwisho hawaishi. Sheria iwe moja: asiyeweza kuja atafute mwenyewe wa kubadilishana naye na atoe taarifa saa 48 kabla. Msimamizi wa kikao athibitishe kila jina siku 3 kabla, mmoja mmoja, si kwa tangazo la kundi ambalo kila mtu hudhani linamhusu mwingine. Awepo pia mzungumzaji wa akiba, hotuba mkononi.

Mtu akikosa vikao 2 mfululizo, apigiwe simu, na mlezi wake, si mweka hazina. Simu ya mweka hazina husikika kama deni hata akisalimia tu. Wala usiishie kwenye "tumekukosa". Hilo hujibiwa "nitakuja" na hakuna anayekuja. Sema: "Kikao kijacho nimekuweka mtathmini wa hotuba ya pili, utaweza?" Akisema hapana, muulize lini, andika tarehe hapo hapo.

Na kabla watu hawajainuka kikao kikiisha, msimamizi wa kikao kijacho asimame asome majina yote 12 na kazi zake. Kila anayetajwa ajibu kwa sauti: "Nipo." Jina lisilojibiwa lijazwe palepale, viti vikiwa bado vimekaliwa.