Jibu: Kwa nini Khrushchev aliondoa makombora Cuba?

Habari mkuu. Umekwama hapa: kama Rais Kennedy wa Marekani hakutoa chochote, kwa nini Khrushchev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, akubali kuondoa makombora yake ya nyuklia Cuba Oktoba 1962? Nami nilikwama hapohapo nilipokuwa nafundisha kidato cha nne, maana notsi zetu ziliishia kwenye manowari za Marekani kuizingira Cuba.

Angalia kwanza Jumamosi ya tarehe 27. Siku hiyo ndege ya upelelezi ya Marekani aina ya U-2 ilitunguliwa juu ya Cuba, rubani wake, Rudolf Anderson, akafa. Jioni Robert Kennedy, mdogo wake rais, akakutana na balozi wa Kisovieti, Anatoly Dobrynin, akamwambia makombora ya Marekani aina ya Jupiter yaliyoko Uturuki yataondolewa, ila jambo hilo lisitangazwe. Hadharani Marekani iliahidi tu kutoivamia Cuba. Kesho yake Redio Moscow ikatangaza kwamba makombora yanarudishwa nyumbani. Zile Jupiter ziliondoka Aprili 1963, kimyakimya.

Kwa hiyo kwenye insha yako usiandike kwamba Khrushchev alisalimu amri tu. Walibadilishana, na upande mmoja ulifichwa. Hili linaniuma sana, kwa sababu tumekaririshwa kwamba vitisho peke yake ndivyo vilivyofanya kazi.

Castro, kiongozi wa Cuba? Hakushirikishwa kwenye makubaliano hayo, na alikasirika mno.