Mwanangu na Muziki wa Ngurumo

Swali: Assalamu alaikum. Mwanangu ana miaka 17. Kila baada ya isha hujifungia chumbani na hevi metali: magitaa yananguruma, mtu anapiga mayowe. Je, ana hasira nami?
Mama, Langoni, Lamu

Jibu: Waalaikumu salamu, mama yangu. Sidhani. Mwaka aliofariki baba nilikuwa mwanagenzi wa kuchonga milango. Taarabu ilinikera, kila wimbo ukinibembeleza nitulie nami situlii. Rafiki akanipa kanda ya Black Sabbath, miongoni mwa bendi za kwanza za hevi metali. Ndipo niliposikia kitu kizito sawa na kilichonikaa kifuani. Nikalia, kisha nikalala.

Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani huko Birmingham, Uingereza, akiwa na miaka 17, umri wa mwanao. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea ncha za bandia. Baadaye akalegeza nyuzi zisimuumize, na sauti ikazidi uzito. Muziki huu umebeba maumivu tangu mwanzo, na anayeumia huutambua.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliwatia hasira mashabiki 39. Waliosikiliza muziki wao mkali hawakuzidi kughadhibika, walipata nguvu.

Na zumari ya ngoma ya kirumbizi ikilia, fimbo zikigongana, wewe mwenyewe damu haikuchemki?

Mgongee mlango, mama. Mwombe akuwekee wimbo mmoja anaoupenda, ukae naye mpaka uishe. Maneno usiyaulize kwanza. Muulize ni wapi moyo humwenda mbio.