Pioneertown: ukifika, piga hodi kwanza

Mkuu, umeuliza kama kile kijiji cha picha za kauboi kule jangwani California kinafaa kupeleka watoto, au ni kuta za mbele tu zilizoshikiliwa na magogo kwa nyuma. Naishi Riverside, California hukohuko, na nimeshaenda mara tatu. Nenda. Ila ujue kabisa kwamba pale wanaishi watu.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunajua steringi hafi na adui lazima aumbuke. Basi wazo la Pioneertown lilitoka kwa adui! Dick Curtis, mwigizaji aliyezoea kupewa nafasi za ujambazi, ndiye aliyekianzisha mwaka 1946, akiwa na wenzake kama Roy Rogers, ambaye ndiye alikuwa steringi hasa wa enzi zile. Jina limetokana na Sons of the Pioneers, kundi la waimbaji alilotokea Roy Rogers mwenyewe. Walitaka mahali ambapo kamera zikizimwa, watu wanaendelea kukaa. Mpaka ukumbi wa kuchezea boulingi ulijengwa. Gene Autry, steringi mwingine wa picha za kauboi, naye alirekodia pale vipindi vyake vya televisheni.

Barabara yenyewe inaitwa Mane Street. Ukiitamka unasikia "Main Street", yaani barabara kuu kwa Kiingereza, lakini kwa maandishi "mane" ni nywele za shingoni mwa farasi. Ni ya vumbi na magari hayaingii, unaegesha pembeni na kutembea. Mimi napenda kusimama karibu na zile mbao za kuta za majengo. Jua limezikausha zikawa rangi ya majivu, na chini ya kila msumari kutu imechora mstari mwekundu. Pitisha kiganja polepole, zina vibanzi.

Safari ya kwanza mwanangu, alikuwa na miaka saba, alikimbia akapanda baraza moja, akabandika uso dirishani. Ndani mama mmoja alikuwa anaosha vyombo. Niliona aibu mno, nikamfuata kuomba radhi. Yule mama alitoka anafuta mikono, akatuonyesha kibao kidogo kinachosema ni makazi ya mtu, tena akampa mtoto maji ya baridi. Tangu siku hiyo nawaambia wanangu tukiwa bado garini: pale ni kwa watu, msipande baraza bila hodi.

Maduka na baa zipo, hizo ingia bila wasiwasi. Kutembea mtaani hulipi kitu. Maigizo ya kurushiana risasi bandia hufanyika siku za wikiendi kwa msimu, kwa hiyo ulizia kabla ya kuondoka. Siku za kawaida ni kimya, na mimi naupenda zaidi huo ukimya: unasikia upepo na bawaba za milango.

Moto mkubwa wa 2006 uliunguza nyumba nyingi za eneo lile. Mane Street ilinusurika.

Njia: kutoka Los Angeles ni kama kilomita 200. Shika barabara kuu ya I-10 kuelekea mashariki, ingia barabara ya 62 mpaka Yucca Valley, kisha Pioneertown Road, kilomita sita au saba hivi. Julai na Agosti usithubutu kupeleka watoto mchana. Miezi ya baridi ndiyo mizuri, lakini pale ni juu, kama mita 1,200, jua likizama baridi inaingia ghafla. Wabebee masweta.