Homa imerudi baada ya mseto: ni usugu au ni nini?

SWALI: Habari za kazi, mfamasia. Mwanangu ana miaka minne, kilo 16. Alipimwa zahanati, akakutwa na malaria, tukapewa mseto. Siku ya pili homa ilishuka akaanza kucheza, nikamwachisha dawa. Vidonge sita nimevitunza. Sasa ni wiki ya tatu na homa imerudi. Jirani anasema mwili wa mtoto umeshazoea dawa, nimmalizie vile sita halafu nimtafutie sindano. Redioni nako nasikia malaria ya huku kwetu Kagera imekuwa sugu. Ni kweli? Na inakuwaje dawa iliyokuwa inaponya ije kugoma? (Mama wa Karagwe)

JIBU: Dada, pole kwa kuuguza. La kwanza, vile vidonge sita usimpe. Kwa kilo zake dozi ni vidonge viwili mara sita, yaani 12, kwa hiyo ulichonacho ni nusu dozi. Mpeleke zahanati leo, useme wazi alianza mseto lini na aliishia wapi. Wakikugombeza vumilia, maana taarifa hiyo ndiyo itakayoongoza matibabu. Akipata degedege, akitapika kila kitu, akishindwa kunywa au akilegea hadi haamki, usingoje kupambazuke.

Omba apimwe kwa darubini. Kile kipimo cha haraka cha tone la damu hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kwa mtoto aliyetumia dawa wiki tatu zilizopita, mistari miwili inaweza kuwa ya ugonjwa wa zamani. Darubini huonyesha vimelea vyenyewe. Vikionekana, na kwa kuwa siku 28 hazijatimia, huenda akapewa mseto wa aina nyingine. Visipoonekana, homa ina sababu nyingine na itafutwe.

Sasa hilo la jirani. Nalisikia kila wiki dirishani, na si kweli: kinachobadilika ni kimelea, si mwili. Mgonjwa anaweza kuwa na mabilioni ya vimelea kwenye damu. Vinapozaliana, jeni hunakiliwa, na katika kunakili makosa hutokea. Mengi hayana faida yoyote. Moja likitokea kukisaidia kimelea kuponyoka dawa, dawa yenyewe itaua wenzake na kukiachia nafasi yote. Mbu akinyonya damu hiyo, anaupeleka ukoo huo nyumba ya pili. Ndiyo maana hata mtoto ambaye hajawahi kumeza kidonge anaweza kuugua malaria sugu.

Mseto mliopewa una dawa mbili. Artemetha huua kwa kasi kubwa lakini hutoka mwilini ndani ya saa chache. Lumefantrini huua taratibu, ila hukaa siku kadhaa ikimalizia masalia. Ile nafuu ya siku ya pili kwa sehemu kubwa ilikuwa kazi ya artemetha. Ulipokatiza, lumefantrini haikufika kiwango cha kutosha, na masalia machache yanatosha kuleta homa upya wiki ya pili au ya tatu. Au ameumwa na mbu mwingine, jambo la kawaida huko kwenu. Yote mawili hutokea bila usugu wowote.

Hata hivyo redio haikudanganya. Mwaka 2020 watafiti walitoa taarifa za vimelea nchini Rwanda vyenye badiliko la jeni liitwalo R561H, na baadaye badiliko hilohilo likakutwa Kagera, Karagwe ikiwamo. Uganda nayo ina mabadiliko yake. Artemetha huamshwa na madini ya chuma yanayotoka kwenye himoglobini ambayo kimelea hula. Kimelea chenye badiliko hili, kikiwa bado kichanga, hula himoglobini kidogo, hivyo dawa haiamki vya kutosha na chenyewe hujibana mpaka dawa itoke mwilini. Matokeo yake, siku ya tatu vimelea bado vinaonekana kwenye darubini. Wengi bado wanapona, kwa sababu lumefantrini inamalizia. Hofu yetu ni siku lumefantrini nayo itakapochoka.

Tumeshapita njia hiyo. Klorokwini (wakubwa mnakumbuka ule uchungu na kuwasha mwili mzima) ilianza kushindwa Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania iliiacha mwaka 2001. Malawi waliiacha 1993, na walipoijaribu tena kwa watoto wa Blantyre mwaka 2005, iliponya karibu wote. Dawa ilipoondoka, vimelea sugu vilikosa faida yao na vile vya kawaida vikarudi kutawala. Hilo halimaanishi tuirudie klorokwini. Ikitumika peke yake, usugu utarudi mbio.

Kwa hiyo wataalamu wanatafuta kubadilisha miseto kwa zamu au kuongeza dawa ya tatu. Chandarua nacho kimo humu: mbu asipomfikia mgonjwa, ukoo sugu unaishia hapohapo. Na sindano ya atesuneti ni ya malaria kali tu, na mgonjwa akiweza kumeza lazima afuatishiwe dozi kamili ya mseto. Kumchoma mtoto sindano mbili kwa homa ya kawaida kisha kumwachia hapo ni kuipeleka dawa ya jamii ya artemetha vitani bila mwenzake. Kwa maoni yangu hilo lina madhara kuliko vidonge vyako sita.

Akiandikiwa mseto kama ule wa kwanza, dozi ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza, kisha kila baada ya saa 12 hadi zitimie sita, hata akiwa anacheza. Mpe pamoja na chakula chenye mafuta, kwani bila mafuta lumefantrini haiingii vizuri mwilini: maziwa, ndizi zilizoungwa karanga, hata senene msimu ukifika. Homa ikiwa bado ipo siku ya tatu, mrudishe. Vile sita vipeleke zahanati.