Jibu: Baraza la Ijumaa limegeuka mahakama

Mwalimu wa Urambo, umeuliza kwa nini watoto wananyamaza kwenye baraza la shule la kila Ijumaa ukisema "ulizeni", kisha wanaanza kushtakiana.

Angalia kwanza nani ameshika kiti. Mwalimu akiwa mwenyekiti, swali linaonekana utovu wa nidhamu. Kule Summerhill, shule ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1921, mtoto na mwalimu wana kura sawa kwenye mkutano wa shule. Huna haja ya kuiga yote. Usalama na mtaala usiviweke kwenye kura, ila waambie hivyo mapema, maana kura ya geresha wanaitambua haraka.

Wakae duara chini ya mwembe, walimu wametawanyika katikati yao, dakika 40 zinatosha. Fungua kwa vitendawili dakika tano. Mwalimu akishindwa naye atoe mji: "Nakupa Ujiji!" Hapo mtoto anaona mkubwa amekosea na hakuna aliyekufa.

Kisha leta kopo la maswali, vikaratasi visivyo na majina. Mtoto wa darasa la tatu achote na kusoma. Asiyesoma vizuri asaidiwe na jirani yake. Mashtaka yapelekwe siku nyingine kabisa.

Panapoharibika zaidi ni baada ya kikao. Katibu aandike swali, nani analifuatilia na lini jibu linakuja. Ijumaa inayofuata majibu yasomwe kabla ya kopo kufunguliwa, hata kama jibu ni "bado". Ukiacha hilo, kopo litabaki tupu.

Na swali la utani, mfano "kwa nini mwalimu mkuu hachezi rede?", lijibiwe kama mengine. Ikibidi, acheze.