Muulize Fundi: Rangi bila kukimbizana na mausi

SWALI: Fundi mambo vipi, mi niko studio moja hapa Ngarenaro, Arusha, asubuhi tunapiga pasipoti saizi mchana natengeneza kadi za harusi na sendofu kwenye Photoshop, sasa kinachonitesa ni rangi, kila saa naenda kukliki kale kaboksi ka rangi pembeni, narudi kwenye picha, naenda tena, mkono unauma na wateja foleni mpaka nje. Naweza kuweka shotikati za kibodi za rangi? Halafu kompyuta tunatumia wawili, mwenzangu hataki niguse setingi zake. (Dada wa Studio)

JIBU: Poa dada, pole na kazi. Kabla hujaanza kutengeneza zako tumia zilizopo, nyingi unazozitafuta zimo humohumo watu hawazijui tu. D inarudisha nyeusi na nyeupe, X inabadilishanisha rangi ya mbele (ile unayopaka nayo) na ya nyuma (ile ya akiba), Alt na Backspace inamwaga rangi ya mbele kwenye leya (tabaka la picha) au sehemu uliyoichagua, ukiweka Ctrl badala ya Alt inamwaga ya nyuma. Kwa hiyo ile bluu ya pasipoti, ukishachagua bakigraundi ni vidole viwili, brashi ya nini?

Ila ninayoipenda mimi ni hii: ukiwa na brashi shikilia Alt, inageuka kale kadude ka kunyonya rangi, gusa kitenge cha bibi harusi, achia, endelea kupaka. Sasa kitenge kina nyuzi ujue, ukinyonya pikseli moja, yaani kidoti kimoja cha picha, unaweza ukaangukia uzi ulio kivulini, kadi inatoka nyeusinyeusi wakati kamati nzima imeshona damu ya mzee, na hapo mama mwenyekiti hakuelewi hata ulie. Bonyeza I, angalia juu palipoandikwa Sample Size, toa Point Sample weka 5 by 5 Average, itachukua wastani wa pikseli 25.

Kilichobaki ni kulifungua lile dirisha kubwa la kuchagulia rangi, hilo halijapewa herufi. Bonyeza Ctrl, Alt, Shift na K kwa pamoja, juu chagua Tools, shuka mpaka huko chini utakuta Foreground Color Picker, kliki hapo uandike N. Ikikuonya kwamba herufi ina mwenyewe, soma kwanza ni ya nani usije ukakipokonya herufi yake kitu unachokitumia kila siku. Na mimi ningeishia hapo, wapo wanaojaza herufi kila kona halafu wanazisahau.

Kuhusu mwenzako, kabla ya kubadilisha chochote, kwenye dirisha hilohilo kuna kaalama ka kutengeneza seti mpya, ihifadhi kwa jina lako, za kwake zinabaki vilevile, we ukikaa unachagua yako kwenye Set. Faili la hiyo seti yako linaishia na .kys.

SWALI: Fundi, mi nikibonyeza X rangi hazibadiliki, inaniandikia x katikati ya jina la bwana harusi! (Chalii wa Moshi)

JIBU: Bado uko ndani ya maandishi chalii. Bonyeza Ctrl na Enter utoke, ndo ubonyeze X. Na kama unatumia GIMP, ile programu ya picha ya bure, D na X ni zilezile, ila kunyonya rangi ukiwa na brashi unashikilia Ctrl, sio Alt.